Tela Mwisho wa Kamba

Uji wa ulezi ukiungua kwenye jiko la shule yetu ya sekondari, wenzangu wanaziba pua. Mimi tumbo linapiga saluti.

Shule ya msingi waliniita Tela kwa unene wangu. Nikaamua kupungua: uji wa saa nne nakataa, ugali wa mchana nakataa. Jioni nyumbani najitolea kuosha sufuria, na humo nakomba ukoko wote. Mama akashangaa: “Mwanangu, sufuria linang'aa na wewe unazidi kujaa. Dayati gani hiyo?”

Ikafika siku ya kuvuta kamba na shule jirani. Upepo wa Sumbawanga unatoboa sweta, na tumbo ni tupu. Yule yule aliyenibatiza Tela akanijia mbio na kikombe cha uji.

“Kunywa, mshikaji. Bila wewe kule mwisho wa kamba, tumekwisha.”

Nikanywa. Nikamtuma cha pili, akaenda. Kisha nikajizungushia kamba kiunoni, nikachimbia visigino, nikalala nyuma. Majirani wakaja wote, kama ndama wanaoburutwa joshoni kuogeshwa.

“Tela! Tela!” uwanja mzima ukaita.

Nikaitika.

Mpaka leo, kengele ya uji ikilia, mbele yangu kwenye foleni hakuna mtu.