Matofali ya watoto na ndoo zake

Leo nimeshikwa, na uzee huu wangu!

Mjukuu wangu Njeri hupanga matofali ya plastiki ya kuchezea ya watoto wake kwa rangi, kila rangi na ndoo yake, kando ya kitanda changu. Kila asubuhi huyakuta yamechanganyika sakafuni. Leo aliapa kuwanyima watoto katuni.

"Mum, si sisi! Ni Shosho, huzipindua na fimbo yake!" mdogo wao akaropoka.

"Shosho?" Njeri akanigeukia mimi, nyanya yake.

Sina siku nyingi, wacha nikiri.

Miaka ya hamsini, kwenye nyumba za reli hapa Nakuru, baba alituletea vipande vya mbao kutoka karakana. Vyote tuliviweka kwenye gunia moja la viazi. Kutafuta kipande kulituweka pamoja jioni nzima, tukibishana na kucheka.

Matofali haya yakiwa yamepangwa, watoto hubeba ndoo moja wakaenda sebuleni. Yakichanganyika, hukaa hapa wakitafuta, nami nawasikia.

Hayo yote nilimwambia Njeri. Naye akayazoa matofali ndooni, kisha akamwaga ndoo zote juu ya blanketi langu.

"Haya Shosho, tutafutie ule mlango mdogo wa plastiki."

Bado hatujaupata. Tafadhali, msituombee tuupate upesi.