Povu Juu ya Jina la Mama

Mtu akikata limau karibu nami, pua yangu hukimbilia Unyambwa, kijijini kwetu Singida, na kuniacha hapa nimekaa.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa amefariki, na siku hiyo ilikuwa imebaki moja kufika arobaini yake. Juu ya kaburi lake lililazwa jiwe jeupe ambalo mjomba alilileta kutoka Kintinku, akalichonga jina kwa msumari maana lilikuwa laini. Picha ya mama hatukuwa nayo hata moja. Jina lake lilikuwa limeandikwa pale tu, na kuku wa kijiji kizima, labda na wa wilaya ya pili, walikuwa wamelichafua.

Watu walinisifu kwamba ni jasiri, silii. Wala haukuwa ujasiri. Ndani mwangu mlikuwa kimya tu, kama nyumba waliyohama watu. Ugali wa mtama nilikula, ladha sikuisikia.

Shangazi aliyekuwa akitulea alikuwa na kawaida ya kusugua jiwe la kusagia kwa limau na mchanga. Sisi wa Singida tumekulia juu ya miamba. Jiwe kwetu halidhuriki, hata lipigwe na mvua ya miaka mia. Basi nikabeba malimau gunia zima (haya, yalikuwa saba) nikaenda kaburini.

Maji ya limau yalipogusa jiwe, likatoa povu, shhh. Nikajua uchafu huo unatoka. Kadiri lilivyotoa povu ndivyo nilivyozidi kusugua.

Shangazi alinikuta jioni.

"We mtoto, jina liko wapi?"

"Nimesafisha, shangazi."

"Umesafisha mpaka nini?"

Akapapasa jiwe kwa kidole, kisha akakaa chini palepale. Hakunichapa. Heri angenichapa.

Kesho yake watu walisali mbele ya jiwe lisilo na neno. Nilisimama mbele kabisa, macho makavu.

Nilikuja kusoma shule ya jioni nikiwa na kitambi cha kutosha watu watatu. Siku moja mwalimu akadondoshea asidi kipande cha jiwe la chokaa. Shhh. Nikauliza kama ni uchafu unaotoka.

"Huo si uchafu," akasema. "Ni jiwe lenyewe linaliwa, linageuka hewa."

Wenzangu wakaandika hayo. Mimi niliandika jina la mama, lote, pamoja na la baba yake, nikaikandamiza kalamu mpaka herufi zikatokea ukurasa wa pili.