Mkungu Uliofungwa Kwenye Bampa

Juzi, kwenye foleni ya Msamvu, pikapu iliyokuwa mbele yangu ilianza kutoa mvuke. Dereva akashuka akafungua boneti, na harufu ikanifikia kabla sijapandisha kioo: maji ya kutu yaliyochemka, mpira uliopata moto, na vumbi lililolowa. Wenzangu walipiga honi. Mimi nilibaki naivuta harufu ile puani bila aibu, maana kwangu rejeta ikichemka inanukia kwetu Kinole, inanukia Baba, na zaidi ya yote inanukia Bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika usukani.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba aliendesha pikapu kuukuu, bluu upande wa kulia na rangi isiyojulikana upande wa kushoto, mali ya Mzee Jayanti, mwenye duka la viungo mjini Morogoro. Madereva humwita mwenye gari tajiri, basi na sisi nyumbani tulimwita hivyo. Siku za kazi gari lilizunguka mjini na mizigo ya duka. Ijumaa jioni Baba alipanda nalo tupu hadi Kinole, na Jumamosi alfajiri alishuka nalo limejaa mananasi, machungwa na magunia ya pilipili manga.

Mwaka ule na mimi nilipanda gari kila Jumamosi kwenda kumwona Mama na kurudi jioni, kwa sababu hakuwepo nyumbani. Alikuwa mjamzito, na mimba mbili kabla ya ile zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo daktari alimtaka asikae mbali na hospitali. Alihamia mjini kwa dada yake, Mama Mkubwa, akawa analala na kuamka huko huko. Bibi mzaa mama ndiye aliyebaki na sisi, au niseme sisi ndio tuliobaki kwake, kwa kuwa nyumba na shamba vilikuwa vya ukoo wake na Baba alikuja pale kama mkwe.

Heshima ya mkwe kwa mama mkwe wake ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Baba alimwamkia shikamoo akiwa mbali, macho yake ardhini, na hakuwahi kumpinga hata kwa kukohoa. Bibi naye alikuwa na njia yake. Baba anaweza kuwa amesimama hatua tatu kutoka alipo, lakini atanigeukia mimi na kusema, "Mwambie baba yako chai iko tayari," nami nitamgeukia Baba nimwambie chai iko tayari, na Baba ataniambia nimwambie Bibi anashukuru. Nilijiona mtu muhimu sana.

Sasa, kila Jumamosi Bibi alikata mkungu wa ndizi za kupika kwa ajili ya binti yake. Sikuwahi kuona mtu akichagua mkungu kwa makini namna ile. Aliuviringisha kwa majani makavu ya mgomba mpaka ukanenepa mara mbili, kisha akaufunga mwenyewe mbele ya gari, juu ya bampa, kwa kamba ya katani na mafundo ambayo hata ng'ombe asingeyakata. Nyuma kwenye mananasi alikataa katakata. Alisema chakula cha mjamzito hakilali na bidhaa, kwa sababu bidhaa hushikwashikwa na kila mpita njia sokoni, na hujui nani ana mkono gani. Sijui kama hiyo ni mila ya Waluguru wote au ilikuwa ya Bibi peke yake. Ndani ya gari nako haikuwezekana, kwa kuwa tajiri alikuwa amepiga marufuku: utomvu wa ndizi hautoki kwenye viti.

Basi tunaondoka. Tunapita Mkuyuni salama, tunafika vilima vya Kiroka, na pale mshale wa joto unaanza kupanda. Baba anazima redio, kana kwamba redio ndiyo inayochemsha maji, kisha mvuke unatoka na tunasimama pembeni. Mimi naweka jiwe nyuma ya tairi, nachukua dumu na kuteremka kijitoni. Nikiri dhambi yangu: nilizipenda zile safari za kuchemsha. Tulikaa kivulini kusubiri injini ipoe, na Baba alinimenyea nanasi. Sikuona kwamba yeye mwenyewe hakula.

Mjini tulipita kwanza kwa Mama Mkubwa kushusha mkungu, halafu sokoni, halafu gereji kwa Fundi Shabani. Fundi Shabani alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sikio la kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Alilizungusha gari mjini, halikuchemka. Hata hivyo alishusha rejeta akaizibua na kuiosha. Jumamosi iliyofuata likachemka. Akabadilisha mkanda wa feni, likachemka. Akaweka pampu mpya ya maji, akang'oa na kile kidude wanachokiita themostati, likachemka tena palepale Kiroka. Kilichobaki, alisema, ni kufungua injini, na injini ya umri ule ukiifungua hujui kama itafungika.

Wakati huo Mzee Jayanti alikuwa amechoka. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita Baba dukani, nami nikiwa nimesimama kati ya magunia ya binzari na iliki, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba gari siku nyingine zote linafanya kazi vizuri, likienda Kinole tu linaharibika. Likichemka tena, alisema, atampa dereva mwingine. Baba alijua watu walikuwa wanasema analiendesha vibaya, na kwa dereva hakuna tusi linalozidi hilo. Na kama gari likiondoka, angempelekaje Mama hospitali siku ikifika? Siku ile nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba mchezo wangu wa dumu na nanasi haukuwa mchezo.

Fundi Shabani ndiye aliyeamua. Alisema gari hili halijawahi kuchemka mbele yake, na yeye hatibu mgonjwa wa kusimuliwa. Ijumaa akafunga gereji mapema akapanda na Baba. Gari tupu lilikwea mlima wote bila mshale kutikisika. Alilala kwetu, akala ndizi za Bibi, akamsifia mpaka Bibi akaona haya.

Alfajiri tulipakia. Fundi alikuwa nyuma akikagua matairi wakati Bibi anafunga mkungu wake, na giza lilikuwa halijaisha. Tulipofika Kiroka mshale ukapanda kama kawaida. Fundi akasema tusimame kabla mvuke haujatoka. Akashuka, akafungua boneti, akapitisha kiganja mbele ya rejeta kutafuta upepo wa feni. Akainama. Akauangalia ule mzigo wa majani makavu uliojaza uso wote wa gari.

"Na huyu ni abiria wa nani?" aliuliza.

Baba alitazama upande wa bonde. "Wa mama mkwe," akajibu.

Fundi hakucheka, na kwa hilo nampenda hadi leo. Alihangaika na mafundo ya Bibi kwa muda mrefu, akaufungua mkungu, akaingia nao ndani, akaupakata. Baba akawasha gari. Mzigo uleule, kilima kilekile, na mshale ukashuka taratibu hadi katikati, ukakaa. Tulipofika juu suruali ya fundi ilikuwa imelowa utomvu.

"Gari yako nzima," alisema. "Ilikuwa inazibwa pumzi."

Nilifurahi nikataka turudi Kinole muda uleule nikampashe Bibi, maana kupeleka habari ndiyo ilikuwa kazi yangu. Baba akanishika bega.

"Bibi yako asisikie," alisema. "Binti yake yuko kule, kitu pekee anachoweza kumfanyia ni hizo ndizi. Sasa nani aende kumwambia kwamba zinaharibu gari?"

Nikauliza kwa nini basi tusiziweke nyuma na mananasi, Bibi haoni. Baba alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemwomba akaibe. Amri ya mama mkwe ilikuwa amri hata nyuma ya kona.

Ikawa hivi: Bibi anaufunga mkungu kwenye bampa, tunaaga, tunaondoka. Tukipita kona ya kwanza Baba anasimama, anaufungua, na mkungu unakuja mapajani mwangu mpaka kwa Mama Mkubwa. Miguu ilikufa ganzi. Nilinung'unika kila Jumamosi, nikamlaumu Bibi kimoyomoyo kwa ukaidi wake, nikajiona mimi na Baba tumemzidi akili mwanamke mzee. Gari halikuchemka tena. Mdogo wangu alizaliwa mwezi uliofuata, na Baba ndiye aliyempeleka Mama hospitali, kwa pikapu ileile.

Miaka mingi baadaye, Bibi akiwa ameshatutoka, nilikuwa nafua sare ya binti yangu aliyekuwa amepakata ndizi kwenye gari. Utomvu ulikuwa umekauka mweusi mapajani. Nikasugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, hautoki. Mikono yangu ikasimama ndani ya beseni.

Nani alikuwa ananifulia gauni langu la Jumamosi?

Nikakumbuka vitu viwili ambavyo nilikuwa sijawahi kuvifikiria. Cha kwanza, wiki chache baada ya safari ya fundi, mafundo ya Bibi yalibadilika. Yale ya kushindana na ng'ombe yakaisha. Baba alivuta ncha moja tu ya kamba na mkungu ukamwangukia mikononi, naye akadhani bibi wa watu anazeeka. Cha pili, asubuhi moja ya joto kali, Bibi alinipa khanga yake ya zamani iliyokunjwa mara nne, akaniambia njiani kuna baridi, niiweke mapajani. Nikaiweka. Nikamcheka Bibi kwa kuhisi baridi kwenye joto lile.

Alijua. Akaendelea kufunga mkungu wake mbele ya gari kila Jumamosi, mbele ya macho ya mkwe wake, ili mkwe asilazimike kumwambia.