Fainali Iliyotukuta Matangani

Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi wa saba, mwaka jana, alfajiri, nilimpoteza mke wangu. Kufikia mchana nilikuwa nimepoteza pia rimoti ya televisheni. Siandiki hivi kwa sababu mambo haya mawili yanalingana. Ndivyo yalivyofuatana. Na kwa kuwa mke hangepatikana tena, niliitafuta rimoti kama mtu aliyechanganyikiwa.

Wageni walipoanza kujaa nyumbani kwetu mtaa wa Free Area, akina mama wa kanisa waliingia sebuleni na kufanya kazi yao. Walitoa meza nje. Walipanga viti ukutani. Televisheni waliifunika kwa kitambaa cheupe cha kushonewa maua, ambacho mke wangu mwenyewe alikishona, kwa sababu kwetu nyumba yenye msiba haiwashi televisheni. Nilijua hivyo. Nimeketi kwenye matanga ya watu wengi na sijawahi kuuliza habari za mpira. Lakini hayo yalikuwa matanga ya watu wengine.

Shida yangu ilikuwa hii. Mke wangu alikuwa fundi wa nguo mtaa wa Kaptembwo, na miaka kadhaa iliyopita kilabu moja ya zamani mjini ilimpa kazi ya kushonea wavu wa tenisi mkanda mpya, ule mweupe wa juu. Wavu ulilala sebuleni kwetu wiki nzima. Ukienda jikoni unauruka. Alipoupeleka, alikuta wasichana wanafanya mazoezi, akaketi kwenye ukingo wa maua kuwatazama, akarudi nyumbani jioni uso umeungua na jua. Kuanzia hapo tenisi ikawa yake. Si tenisi yote. Wakubwa hakuwataka. Alisema wakubwa wamefundishwa kuficha uso. Alitaka wasichana wadogo, wale wa mashindano ya vijana, mmoja dhidi ya mmoja, ambao wakikosea wanapiga kelele, na mama zao huko jukwaani wanakunja mikono kana kwamba wanasubiri kuitwa na mwalimu mkuu.

Mwaka jana, kwenye yale mashindano makubwa ya ng'ambo yanayochezewa kwenye nyasi, ambapo kila mchezaji anavaa nyeupe, alimwona msichana ambaye pindo la sketi yake lilifumuka katikati ya mchezo. Msichana akaenda kwenye begi lake, akatoa pini, akalibana mwenyewe, akarudi kucheza. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kochi, miguu imevimba, amechoka hata kunywa uji. Aliinuka.

"Huyu ni wangu," akasema.

"Anatoka wapi?"

"Sijui. Pini ameipitisha vizuri."

Nchi ya yule msichana aliitamka kila siku kwa namna tofauti, na sijui hata leo ipi ilikuwa sahihi. Lakini alimfuata raundi baada ya raundi. Baada ya siku ile, msichana alipata tabia ya kuligusa pindo kwa kidole kila mara kabla ya kuanzisha mpira, kama mtu anayehakikisha amefunga mlango. Mke wangu aliipenda tabia hiyo kuliko mipira yenyewe.

Dawa zilikuwa zinamlaza mapema. Mechi nyingi zilimalizika akikoroma. Asubuhi, kabla hata ya kusalimiana, angeuliza, "Nani alishinda?" Ningemwambia, na ilibidi nimwambie hesabu yote, seti kwa seti. Nikiongeza chumvi alijua. "Usinipambie," alikuwa akisema. "Mimi si mgeni."

Jumatano usiku msichana wake alishinda robo fainali. Mke wangu akasema amechoka, analala, nimtazamie zinazobaki nimwambie. Nikasema sawa. Asubuhi hakuuliza.

Kwa hiyo nilikuwa nadaiwa jibu. Sina njia nyingine ya kulisema.

Nusu fainali ilinikuta mochari siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri kuitwa, nikachungulia simu, nikaona ameshinda. Nikasema "Eeh!" kwa sauti. Mhudumu alitoa kichwa mlangoni akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyefurahi mahali pasipofaa. Nikamwambia samahani, ni habari nzuri. Akasema hapa hatuzipati sana.

Fainali ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, saa zetu. Tangu asubuhi nilikuwa naitafuta rimoti. Nilitazama chini ya magodoro ya wageni. Nilitazama kwenye kabati la vikombe. Nilitia mkono kwenye gunia la viazi.

"Baba, unataka nini kwa viazi?" akaniuliza mama mwenyekiti. Huyu ndiye mkuu wa kikundi cha akina mama, mwanamke mpana, mwema, mwenye mkoba mkubwa mweusi ambao hajawahi kuuweka chini mbele yangu.

"Rimoti."

Akawatazama wenzake. Wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia vizuri sana, kwamba mara nyingine huanza hivyo, mwanamume anatafuta vitu vidogo vidogo, halafu wiki ya pili anaanza kuongea na kuku.

"Keti, baba. Tutakuletea chai."

"Nimekunywa chai tatu. Nataka rimoti."

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ametelemka kutoka Sachangwan na blanketi lake na maneno yake. Hajasoma kunizidi, na mimi niliachia darasa la saba, lakini haogopi mtu. Alikuwa anamenya viazi mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Mama mwenyekiti, mpe rimoti."

"Mimi?"

"Iko kwa mkoba. Nilikuona ukiitia siku ile ya kwanza."

Mama mwenyekiti alifungua mkoba polepole. Ilikuwa mle, katikati ya Biblia na chupa ya mafuta ya kujipaka, imefungwa kwa leso.

"Niliichukua kwa heshima ya marehemu," akasema. "Vijana wasije wakawasha muziki."

"Marehemu ndiye anataka," nikasema, na nikamweleza yote. Wavu, pini, pindo, ahadi. Sikuwahi kuongea maneno mengi hivyo tangu Alhamisi. Alinisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, kisha akatoa uamuzi wake. Televisheni iwashwe, lakini sauti isiwepo, na kile kitambaa kisitolewe kabisa, kiinuliwe tu. Hiyo ndiyo sababu tuliitazama fainali nzima tukiwa na maua ya kushonwa juu ya skrini, na mpira ukipigwa juu sana ulikuwa unapotelea kwenye waridi.

Walisema hawatazami. Walikuwa wanamenya viazi tu wakielekea huko. Baada ya dakika chache mama mwenyekiti akauliza, bila kugeuka, "Wetu ni yupi?"

Wote wawili walikuwa wamevaa nyeupe, wote wamefunga nywele nyuma, na televisheni yetu ina umri. Nikamwangalia anayegusa pindo.

"Wetu ni huyu wa chini kwenye skrini," nikasema. Ilikuwa kweli wakati nilipoisema.

Basi wakamshika huyo wa chini. Kwanza kwa minong'ono. Kisha mmoja akasema, "Bwana, msimamie." Kisha viazi vikaachwa. Wa chini akipata pointi wanashukuru, akikosa wanasikitika kwa mdomo ule ule wanaosikitikia marehemu. Mimi nilikuwa naangalia pindo, sikuwasikiliza. Msichana wetu alikuwa anacheza vibaya. Seti ya kwanza ilimponyoka.

Seti ya pili chai ilipita, na mandazi, na watu wa kutoka Molo wakaingia wakasalimiwa mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeomba. Msichana wetu akaichukua seti hiyo kwa urahisi. Haya ninayasema kama yalivyotokea. Sitoi maana.

Pasta alifika seti ya tatu inaanza. Nilimwona mlangoni, nikajua mambo yameisha. Mama mwenyekiti aliruka kushusha kitambaa, lakini pasta alishaona.

"Nini hii?"

"Ni ya marehemu, pasta," akajibu mama mwenyekiti, haraka. "Ni kama wosia."

Pasta akatazama skrini. Akatazama picha ya mke wangu, iliyowekwa kwenye kiti alichozoea kukalia. Akavuta kiti kingine akaketi.

"Sisi ni yupi?"

"Wa chini," wakajibu wote pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

Wachezaji walipokwenda kupumzika, pasta akasema tutumie nafasi hiyo. Akasimama, akaomba kwa ufupi wa ajabu, nami sijawahi kumsikia akiomba kwa ufupi. Aliomba faraja kwa wafiwa, safari njema ya kwenda kuzika, na nguvu katika mikono ya binti yetu. Akasema amina wachezaji wakiinuka. Msichana aliyeingia upande wa chini akapiga mipira ambayo hata mimi nilisema lo. Nyumba ikapiga makofi.

Hapo ndipo nikaona. Yule wa chini hakuwa anagusa pindo.

Ningeweza kunyamaza. Walikuwa na furaha, na tangu Alhamisi nyumba yangu haikuwa imeona furaha. Lakini sikuzoea kupamba.

"Huyo si wetu," nikasema.

Mama mwenyekiti akageuka. "Si ulisema wa chini?"

"Wanabadilishana pande. Sasa wetu yuko juu."

"Wamebadilishana lini?"

"Wanabadilishana kila mara. Ndio mchezo ulivyo."

"Kila mara! Na ulikuwa umekaa hapo ukituangalia tukiomba?"

"Nilikuwa naangalia pindo."

Alimgeukia pasta, na nilimwonea huruma mwanamke huyo kwa mara ya kwanza. "Pasta, sasa yale maombi?"

Pasta akafikiri. "Maombi hayapotei, mama."

"Hayajapotea," akasema shemeji yangu kutoka mlangoni. "Yamefika kwa jirani."

Akacheka. Alicheka mpaka kisu kikamwanguka, akashika mbavu, akaegemea mlango, na kicheko chake kilikuwa kile kile cha mdogo wake, kinachoanzia puani. Sikuwa nimejua kwamba wanacheka sawa. Miaka yote hiyo walipokuwa pamoja walikuwa wanagombana tu.

Baada ya hapo walijitahidi. Waliweka mama mmoja kando yangu wa kuuliza "juu au chini?" kila mchezo ulipoanza upya, naye akapaza jibu kama kondakta. Pasta aliomba tena, safari hii akataja sketi. Msichana wetu alipigana. Alifika nne kwa nne. Kisha akapoteza mchezo wake mwenyewe wa kuanzisha, na kwenye mchezo wa mwisho mpira wake ukagonga ule mkanda mweupe wa juu ya wavu, ukasita pale, ukarudi upande wake.

Mama mwenyekiti akasema, "Imekuwaje?"

"Ameshindwa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Seti ya tatu, sita kwa nne."

Msichana alikwenda kuketi, akajifunika taulo kichwani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hakuna aliyemwendea. Mimi nikaanza kulia. Sikuwa nimelia hospitali wala mochari wala watu walipokuwa wananishika mkono. Nililia kwa sauti mbaya, ya pua. Akina mama wakanizunguka, mmoja akasema afadhali, imetoka, tulikuwa tunaogopa. Sikuwaambia nilikuwa nalia nini. Sikujua. Huenda ilikuwa mpira.

Pasta alishusha kitambaa yeye mwenyewe. Mama mwenyekiti akaichukua rimoti, akaifunga kwa leso, akairudisha kwa mkoba.

Tulimzika Jumanne kwenye shamba la wazazi wangu, juu, upande wa Sachangwan, ambako mwezi wa saba kuna baridi na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Kabla ya jeneza kushushwa mama mwenyekiti alikuja kusimama karibu nami. Alinong'ona akitazama mbele.

"Baba, ukimuaga, mwambie alishinda."

"Hakushinda."

"Najua hakushinda. Nilikuwepo. Lakini ni neno dogo, na ni la mwisho. Aende na moyo mweupe."

"Angejua."

"Angejua vipi?"

Pasta akaniita. Nilichukua udongo. Ulikuwa na maji, ukanishika vidoleni. Niliinama kadiri goti langu linavyoruhusu, nikamwambia kwa sauti ndogo: ya kwanza alishindwa, ya pili alishinda, ya tatu sita kwa nne. Alishindwa. Mpira wa mwisho ulikuwa wa wavu. Pindo lilishika mpaka mwisho.

Nikaachia udongo.

Shemeji yangu alinishika koti kwa nyuma nisiteleze. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ukweli?"

"Ndiyo."

"Haya. Toka hapo, shem, watu wa majembe wanangoja."

Nikarudi nyuma. Mama mwenyekiti alikuwa anafuta macho kwa ile leso. Alifungua mkoba, akaichomoa rimoti, akanitilia kwenye mfuko wa koti bila kunitazama, na wanaume wakaanza kurusha udongo.