Mwanafunzi Aliyeimba Wimbo wa Shangazi

Mwanamke aliyekuwa akijifanya shangazi yangu alikuja kujifunza gari kwa shangazi yangu mwenyewe, na siku ile ya kwanza mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeanza kazi ya ukarani Ruwi, mjini Maskati, baba alishachoka kunipeleka na kunirudisha, na shangazi, dada yake baba, alikuwa mwalimu wa gari wa wanawake. Alinifundisha bure kwa sharti moja, nigawane saa na mwanafunzi mwingine. Mmoja anaendesha, mwingine anakaa nyuma anajifunza kwa makosa ya mwenzake.

Lazima kwanza niseme shangazi alikuwa nani kabla ya kushika kazi hiyo. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, familia yetu ikiwa imeshatoka Unguja na kukaa Dar es Salaam, alipanda basi kwenda Nairobi akisema anakwenda kumwangalia binamu yake aliyejifungua. Binamu kweli alikuwa amejifungua. Lakini mume wa binamu alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya soul, ule muziki wa Wamarekani weusi ambao vijana wa siku zile waliuvalia suruali pana na mawigi, na mwimbaji wao alikuwa kitandani na matubwitubwi. Studio ilikuwa imeshalipiwa. Shangazi akaingia kuimba badala yake, mchana mmoja, wimbo mmoja.

Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayemsihi mpenzi wake arudi. Kabla ya ubeti wa mwisho kuna ukelele mrefu unaowafanya watu wafumbe macho. Shangazi aliniambia baadaye kwamba ule haukuwa ufundi. Mpiga tarumbeta alimkanyaga mguu.

Santuri ile ilienea kutoka Mombasa mpaka Bujumbura. Kwa kumwogopa babu, kwenye jalada hapakuwekwa picha yake, iliwekwa picha ya maporomoko ya maji, na jina likawa la kubuni, alilolichagua mwenye studio. Miezi michache baadaye wakamtaka aimbe wimbo mwingine wa kumsihi mtu. Shangazi mwezi ule alikuwa anaumwa jino, na akaona hakuna linalostahili kuimbwa zaidi ya hilo. Aliimba juu ya jino kwa moyo wake wote. Hakuna aliyenunua, isipokuwa daktari mmoja wa meno aliyechukua katoni nzima.

Tulipohamia Maskati, shangazi akawa mpiga taipu wizarani. Akaolewa, akafiwa na mume, hakujaaliwa mtoto. Habari ya kuimba haikutajwa nyumbani. Baba aliiona ni aibu, na santuri aliificha chini ya kabati, imefungwa kwa taulo. Mimi niliigundua nikiwa na miaka kumi na mbili, nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Kisha shangazi akaacha wizara akaenda kufundisha gari, na ukoo mzima ukashangaa. Alisema wizarani barua mbaya haikuwa na pa kuizuia, lakini kwenye gari la kufundishia anayo breki ya pili mguuni mwake.

Basi, siku ile tulimchukua mwanafunzi mpya mbele ya duka la vitambaa Ruwi. Alikuwa mwanamke mrefu, mnene kiasi, jino moja la dhahabu, abaya yake ina nakshi mpaka viwikoni. Familia yake ilitoka Bujumbura. Alikaa kwenye usukani, akarekebisha kioo mpaka akajiona mwenyewe vizuri, akasema, "Mwalimu, nikuombe usinigombeze sana. Mimi ni msanii, moyo wangu mwepesi."

"Msanii wa nini?" shangazi akauliza.

"Mwimbaji. Ule wimbo wa zamani, wa kumwita mpenzi arudi. Ni mimi."

Nilimwangalia shangazi kwa nyuma. Shungi lake halikutikisika. Akasema, "Nimefurahi kukujua. Kanyaga klachi."

Tulipomshusha, nilihamia mbele na maneno yakanitoka yote kwa pamoja. Shangazi alinisikiliza mpaka mzunguko wa barabara wa Darsait, mtaani kwetu.

"Umri huu nikaanze kusema ni mimi?" akasema. "Nitatoa ushahidi gani? Picha ya maporomoko? Mwache. Yeye anaupenda kuliko nnavyoupenda mimi."

Mwanamke yule alikuwa akiimba kwenye kumbi za wanawake, harusini, na wimbo ndio uliokuwa ukimpatia mialiko. Aliuimba pia akiendesha. Kila tulipokaa kwenye foleni alianza, na tatizo ni kwamba aliuimba vibaya. Alivuta pumzi katikati ya neno. Niliona vidole vya shangazi vikigonga goti, mara moja, mara mbili, mpaka siku ya wiki ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Hapo hapavutwi pumzi," alisema. "Unavuta kabla, ukifika hapo unaiachia yote. Na punguza gia."

"Mwalimu, umejuaje?"

"Nimeusikia sana."

Kuanzia hapo masomo yakawa mawili kwa saa moja. Shangazi alimfundisha kuachia klachi na kuachia sauti. Kulikuwa na fujo ya aina yake, maana neno la wimbo na neno la kazi lilikuwa lile lile. Shangazi akisema "rudi", mwanafunzi hakujua kama anatakiwa arudi nyuma na gari au aimbe kiitikio, na mara nyingi alifanya yote mawili. Mimi nyuma nilishika mpini wa mlango na kusoma kimoyomoyo aya nilizozijua.

Mtihani mgumu wa siku zile ulikuwa wa mapipa. Unarudi nyuma na gari baina ya mapipa bila ya kuyagusa, na askari amesimama anatazama. Mimi nilipita mara ya pili. Yeye aliyaangusha mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya nne mtahini alikuwa afande mzee mwenye masharubu meupe, na alipomsikia anajisomea dua kwa Kiswahili, akamuuliza kwao wapi. Mazungumzo yakafika kwenye wimbo. Afande akasema wimbo ule ulipigwa kwenye redio siku aliyoposa, na akaomba, kwa adabu sana, asikie kidogo tu.

Mimi na shangazi tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya uzio. Vioo vya gari vilikuwa wazi. Akaanza kuimba huku akirudi nyuma, polepole, pumzi mahali pake, na gari likaingia baina ya mapipa kama limepakwa mafuta. Nilimshika shangazi mkono. Kisha ikafika sehemu ya ukelele. Alifumba macho, kama watu wote, na mapipa manne yakaenda chini.

Afande alitoa leso akajifuta machozi. Halafu akaandika kwenye fomu kwamba amefeli.

"Angalau leo alipatia," shangazi aliniambia njiani. Sikumuuliza alipatia nini.

Miezi minane ilipita hivyo. Akazoea kuja kwetu Darsait. Siku moja ya Ijumaa alileta keki, na baba, ambaye hakuwa amekutana naye bado, akaja sebuleni kumkaribisha. Wakasalimiana, wakaulizana hali na koo za watu, kahawa ikamiminwa, na baba akamuuliza anafanya shughuli gani.

"Mimi ni mwimbaji," akasema, na akautaja wimbo.

Baba aliweka kikombe chini. Shangazi alimkonyeza, nami nikamkonyeza, lakini alikuwa ameshasimama. Alikwenda chumbani. Tulisikia kabati likisukumwa. Alirudi na lile taulo, akalifungua juu ya meza ya kahawa mbele ya mgeni, yeye aliyelificha miaka yote kwa aibu. Ndani mlikuwa na santuri, na chini yake picha ya bendi, nami sikuwahi kuiona. Shangazi alikuwa katikati, wigi kubwa, gauni fupi, mdomo wazi, na nyuma yake mtu wa tarumbeta.

"Kama ni wewe," baba akasema, "huyu dada yangu hapa ni nani?"

Mgeni aliitazama picha kwa muda mrefu. Akamtazama shangazi. Nilidhani ataomba radhi, au ataanguka, au ataondoka mbio. Machozi yakamlenga, akasema, "Mwalimu, miezi minane. Miezi minane unanidanganya."

"Nakudanganya mimi?" shangazi akauliza.

"Umekaa na mimi kwenye gari, unaniona ninavyojidhalilisha, husemi neno. Mtu mkweli angesema."

Cha ajabu ni kwamba shangazi alimwomba msamaha. Aliomba kabisa, mkono kifuani. Mgeni akachukua mkoba wake akatoka, na keki tukabaki nayo. Baba alikula vipande viwili kwa hasira.

Mwezi mzima hakuonekana. Shangazi alifundisha wengine, lakini mara mbili alinipitisha barabara ya Ruwi pasipokuwa na haja. Kisha jioni moja kukawa na hodi. Alikuwa yeye, amesimama mlangoni na fomu mkononi.

"Bado sijapita mapipa," alisema.

"Njoo kesho saa kumi," shangazi akajibu.

Alipita mara ya saba, bila ya kuimba, midomo ameibana mpaka imepauka. Siku hiyo hiyo, ndani ya gari, alimwambia shangazi kwamba ataacha kudai wimbo. Atawatangazia watu ukweli kwenye harusi ya wiki ile, na shangazi apande jukwaani achukue chake.

"Usinifanyie hivyo," shangazi akasema. "Nikipanda mimi watataka niimbe kila wiki."

"Sasa tufanye nini?"

Shangazi alifikiri, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikiwasimulia watu hawaniamini. Alisema kama wasichana wa kiitikio watakosekana, yeye yuko tayari kusimama nyuma.

Hivyo ndivyo shangazi yangu alivyorudi kwenye muziki, akiwa na miaka arobaini na kitu, kama mwitikiaji wa mtu aliyechukua jina lake. Harusi ya kwanza ilikuwa ukumbi wa Darsait. Alivaa kanzu ya kijani na kusimama karibu na spika, na kila kiitikio kilipofika alikiimba kwa ile sauti iliyokuwa kwenye santuri, ambayo haikuwa imezeeka hata kidogo. Wimbo ulipokwisha, bibi mmoja wa makamo alimjia, akamshika bega kwa huruma.

"Umejitahidi, bi," alimwambia. "Lakini usishindane naye. Yule ndiye mwenyewe."

"Kweli kabisa," shangazi akasema. "Mimi nnajifunza kwake."

Nilitaka kuingilia, akanibana kidole.

Waliendelea hivyo miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mtangazaji wa redio kutoka Dar es Salaam alifika Maskati akiwatafuta waimbaji wa zamani, na hoteli moja ikataka kuandaa usiku wa nyimbo za kale. Simu ilipigwa kwa baba. Baba, ambaye sasa alikuwa anajigamba waziwazi, alitaka shangazi aende. Shangazi alikataa hoteli moja kwa moja, na kwa redio akampeleka rafiki yake, akakaa pembeni yake kama msindikizaji. Alipoulizwa siri ya ukelele ule, mwanamke wa jino la dhahabu alieleza kwa kirefu habari za upweke na ujana. Mtangazaji akaitikia kwa kichwa. Shangazi akamnong'oneza rafiki yake, naye akaongeza, "Na mtu alinikanyaga mguu." Mtangazaji alicheka, akadhani ni mzaha, akaikata sehemu hiyo.

Nilimuuliza shangazi mara moja tu kama hajuti. Tulikuwa jikoni anamenya vitunguu. Alisema zamani, akiwa mbele, aliogopa kila siku kwamba watu watamwona hana kingine ila wimbo ule. Akiwa nyuma, hakuna anayemtazama, na anausikia wimbo vizuri. "Ni wimbo mzuri," alisema, kama mtu anayesifia upishi wa jirani. "Sikuwahi kujua."

Harusi yao ya mwisho niliyohudhuria ilikuwa Yiti, kijiji cha pwani, baada ya alasiri, kwenye uwanja uliozungushiwa mapazia. Mwenye jino la dhahabu ndiye aliyetuendesha kuvuka milima, tena vizuri. Wanawake wa pale walijua kila neno. Kwenye ubeti wa mwisho mwimbaji akasahau. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akageuka nyuma kumtazama shangazi. Kinanda kikaendelea peke yake. Shangazi alimtazama na yeye, mikono ameikunja mbele. Wanawake kwenye mikeka wakaanza kuuimba ubeti wenyewe, kila mmoja na maneno yake, mpaka kikafika kiitikio, na shangazi akaingia hapo hasa, sawasawa.

Kwenye gari mwenzake alimlaumu. "Ungeniokoa, mwalimu. Beti zote unazo."

"Makubaliano yetu ni kiitikio," shangazi akasema.

Hawakusemezana mpaka juu ya mlima. Pale tukasimama, kwa sababu wenye harusi walitufungia wali na samaki ndani ya karatasi ya fedha na ulikuwa bado moto. Tulikula tumeegemea boneti, upepo unatupulizia shela usoni. Mwenye jino la dhahabu akamtolea shangazi miiba kwenye kipande chake, maana macho ya shangazi yalikuwa yameanza kupungua, akamsogezea na ndimu.