Aliyekaa Nyuma ya Tairi Langu

Ndugu zangu wa baiskeli, na akina mama mliokuja kutusikiliza, nimeombwa nieleze jinsi nilivyopona pepopunda. Nitasema kama ilivyokuwa. Atakayecheka na acheke, mimi nilishacheka mpaka nikatosheka.

Kabla ya kuugua nilikuwa mbeba mapanki. Biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, viwanda vya sangara vimeota ufukweni kama uyoga, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tunabakiwa na vichwa na mifupa, ndiyo hayo mapanki. Asubuhi nilipakia mapanki yangu, nikakanyaga mpaka Usagara, nikauza, nikarudi nyumbani Mabatini. Jumapili tulishindana kwenye barabara hiyohiyo bila mzigo. Mimi sikuwa na mbio sana, nilikuwa mjanja tu. Nilikaa nyuma ya tairi la mwenzangu, yeye avunje upepo, mimi nipumzike, tukikaribia mwisho nampita. Waliniita Kupe.

Siku moja mguu uliteleza, na chuma cha pedali isiyo na mpira kikaniingia kwenye wayo. Nilifanya kama tulivyofanya wote. Nilichokoa grisi nyeusi kwenye ekseli ya gurudumu, nikaziba tundu. Kwetu waendesha baiskeli hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Damu ilikata, nikaendelea na safari.

Kidonda kilikuwa kimeshaanza kufunga niliposhindwa kutafuna ugali. Taya zilikaza. Ikafuata shingo, halafu mgongo. Mke wangu, Mama Kulwa, alidondosha sufuria, na kwa kishindo kile mwili wote ukakakamaa, mgongo ukapinda kama upinde, nikajing'ata ulimi, nikajikojolea. Akili ilikuwa nzima, na hilo ndilo baya lake. Kisha uso ukavutika, meno yakabaki nje, nikawa natabasamu. Watoto wangu wenyewe walinikimbia.

Baba mdogo aliitwa. Alinitazama akiwa amesimama mlangoni, hakuingia. "Huyu amekaliwa," alisema. "Mwenye maumivu hacheki hivi. Apelekwe kijijini, mizimu ya babu yake ina neno."

"Baba, hiyo mizimu tutazungumza nayo akishapona," Mama Kulwa alijibu. "Mimi nampeleka hospitali."

"Akifa, ni juu yako."

"Basi iwe juu yangu."

Sikuweza kukaa, maana sikukunjika. Wenzangu wa mbio walifunga ubao kwenye keria ya baiskeli yangu, wakanilaza, wakanikaza kwa mipira ya tyubu tunayofungia mapanki, wakaanza kusukuma. Watu walidhani ni maiti. Kila tulipopita walisimama kimya, wanaume wakavua kofia kama ilivyo desturi. Halafu wanaona maiti inawatabasamia. Mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Nilitaka kumwambia, mama, mimi mzima, lakini taya hazikufunguka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilikuwa naagwa huku naona.

Daktari alitazama uso wangu, akatazama wayo, akafuta grisi kwa kidole. "Pepopunda," alisema. "Mmemwahi kwa tundu la sindano." Wakanichoma dawa, wakakata nyama iliyooza, wakapitisha puani mpira wa kunilishia uji. Wakaniweka kwenye chumba kilichozibwa mablanketi madirishani, maana mwanga na kelele ndivyo vinavyoamsha mishtuko. Masista waliingia bila viatu. Kwenye kitanda cha pili alilala Mzee Lugata, mkulima wa Sengerema, aliyejikata mguu kwa jembe.

Katika ukimya ule nikaanza kusikia baiskeli. Tik, tik, tik, kama gurudumu la nyuma ukiacha kukanyaga. Ilikuwa nyuma ya kisogo changu. Kila mshtuko ulipokuja nilijiona napanda mlima, na mtu yupo kwenye tairi langu, wala hahemi. Mchezo huo naujua. Anayekaa nyuma anangoja uchoke. Kwa hiyo nikakanyaga zaidi, na mwili ukakaza zaidi, mpaka jino likavunjika.

Nilijiambia ni homa tu. Mpaka siku ile Mzee Lugata alipoongea kwa meno yaliyofungana: "Kijana, nani huyo anaendesha baiskeli humu ndani?"

Sista aliyekuja kunifuta jasho aliniona nakaza mwili, akaninong'oneza, "Kaka, usishindane na mshtuko. Ukija, legea. Uache upite." Hakujua ananiambia habari za nani.

Mshtuko uliporudi, niliacha kukanyaga. Moyoni mwangu nilisogea pembeni ya barabara. Tik, tik, ikanifikia, ikawa sambamba na sikio langu, nikahisi upepo wa mtu anayepita. Ikaelekea kitanda cha pili. Hapo Mzee Lugata akasema, kwa sauti safi ya mtu asiyeumwa: "Simama, nipakie."

Ile tik, tik ikakoma. Ilikuwa mchana, nje mtu anafagia. Sista alipoingia, mzee alikuwa ameshafariki.

Mkewe alikuja kuchukua shuka na ndara zake. Aliniinamia. "Mwanangu, mlikuwa wawili humu. Mwenzako alisema nini?"

Nilimtazama, taya zimefungwa, uso unatabasamu.

"Unanicheka," alisema, akatoka. Niliumia kuliko maumivu yote ya mgongo.

Nilipona polepole. Nilijifunza kutembea kwa kushika ukuta, nikala uji, kisha ugali. Tabasamu ndilo lililotoka mwisho. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari na masista, na Mama Kulwa aliyekubali lawama kabla haijaja. Nanyi wenzangu, grisi ni ya gurudumu. Kidonda kioshe kwa maji mengi na sabuni, hata kama ni tundu dogo, kisha nenda ukachomwe sindano ya pepopunda. Na mkimwona mgonjwa anacheka bila furaha, msimkimbie. Anawasikia.

Siku niliyoweza kupanda baiskeli tena, sikwenda Usagara. Nilivuka kwa kivuko kwenda Sengerema, nikaulizia mpaka nikamkuta yule mama anapalilia mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunitambua, kwa kuwa sikuwa nacheka. Nilimwambia mimi ni nani, nikamwambia na neno la mwisho la mumewe, lote, pamoja na ile baiskeli tuliyoisikia.

Aliegemea jembe. "Mwenye baiskeli akasimama?"

"Alisimama, mama. Sikuisikia tena."

Alifuta macho kwa kiganja chenye udongo. "Afadhali," alisema. "Kwa mguu ule asingeweza kutembea."