Pale Baba Alipoweka Kidole

Harufu ya moshi wa makaa ikikutana na karatasi yenye unyevu hunirudisha Kyebando, jijini Kampala, kwenye chumba chetu kimoja, ambako ramani ya baba ilining'inia ukutani karibu na sigiri. Ilikuwa ramani kuukuu ya milima ya kwetu Kongo, iliyochorwa enzi za Wabelgiji. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia. Tulipokimbia vita, wenzake walibeba magodoro, yeye akabandua ramani darasani. Mama hakuchoka kumtania kwamba godoro lingetufaa zaidi.

Ramani nzima ilijaa mistari ya kahawia iliyoizunguka milima. Inapobanana, baba alitufundisha, ujue hapo mtu hupanda akihema. Kijiji chetu hakikuandikwa jina. Yeye alikijua kwa mistari tu. Kila jioni aliweka kidole palepale, mto unapokunja kona, akasema bibi yuko hapo anapalilia maharage. Mimi nilipima kwa mkono: shibiri moja tu kutoka barabara kuu.

"Papa, ni karibu hivi, juu ya nini hatuendi?"

"Tutaenda," alijibu. "Milima haikutani, lakini binadamu hukutana."

Nilimwamini, ndugu zangu. Nilishaanza hata kuchagua nguo ya safari.

Siku moja akaja mama mmoja aliyetoka huko karibuni. Hakumaliza hata maji tuliyompa. "Mwalimu, mama yako tulimuzika nyuma ya nyumba yake," alisema. "Kisha tukakimbia wote. Kule hakuna tena mutu."

Baba hakulia. Aliishusha ramani, akaitandaza mkekani, na majirani Wakongo wakakaa matanga kuizunguka, maana hatukuwa na maiti wala kaburi.

"Weka kidole," mama yangu alimwambia taratibu, "tujue tunamulilia wapi."

Akaweka. Tangu hapo kidole kilirudi palepale kila jioni, na methali yake sikuisikia tena. Leo mtu akinitamkia methali hiyo, mimi huondoka.

Baba amelala katika udongo wa Kampala, mbali na mama yake. Ramani ninayo mimi, ukutani hapa Ntinda. Pale mto unapokunja kona pana tundu. Utotoni niliwalaumu mende, hata nikawapulizia dawa. Ukubwani ndipo nilipofahamu kwamba ni baba aliyeimaliza karatasi ile, kwa kuipapasa.

Juzi mwanangu aliniuliza kwetu ni wapi. Niliweka kidole palepale, nikagusa ukuta.